Nabi aliuliza mpinzani ana nini, Gamondi aliuliza sisi tuna nini

Kaa na Wananchi, sisi mashabiki wa Yanga, kijiweni popote, iwe Jangwani yalipo makao ya klabu, Mwanza au Mbeya, mjadala huu utakukuta: kati ya Nasreddine Nabi na Miguel Gamondi, waliotufundisha mmoja baada ya mwingine, kocha ni nani? Wengine wamekuja baada yao na makombe hayajakatika, lakini ni majina haya mawili yanayopandisha sauti. Wa upande wa Nabi wanataja fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wa upande wa Gamondi wanainua vidole vitano, vya ile 5-1 dhidi ya Simba, na hakuna mpenda soka Tanzania asiyejua vidole hivyo vina maana gani. Mjadala unaisha kila mtu akiwa palepale alipoanzia.

Makombe hayaamui ubishi huu. Nabi, aliyekaa kuanzia Aprili 2021 hadi Juni 2023, aliacha mataji mawili ya ligi, mawili ya Kombe la FA na Ngao ya Jamii mbili. Gamondi, aliyemrithi na kuondolewa Novemba 2024, aliacha ligi moja, FA moja na Ngao moja. Ukizingatia muda ambao kila mmoja alipewa, tofauti inapungua sana. Hoja ya soka tamu nayo haitoshi, kwa sababu utamu wa Kwa Mkapa, uwanja wetu wa Dar, siku ya jua na wapinzani waliojifungia nyuma hauelezi lolote kuhusu usiku wa Algiers au Cairo.

Ninachokitazama mimi kwa kocha ni swali analoanza nalo kabla ya mechi. Kwa jinsi nilivyowaangalia hawa wawili, naamini Nabi alianza kwa kuuliza mpinzani ana nini, na Gamondi alianza kwa kuuliza sisi tuna nini. Karibu kila kilichotokea ndani ya miaka ile, kizuri na kibaya, kilitoka kwenye tofauti hiyo. Na mimi ninaye ninayemchagua, nitamtaja bila kuzunguka.

Aprili 2021 Yanga ilikuwa timu yenye majeraha. Simba ilikuwa njiani kuchukua ubingwa wa nne mfululizo. Jangwani hatukuwa tumegusa taji la ligi tangu msimu wa 2016/17, na kiti cha kocha kilikuwa cha moto: Mwinyi Zahera, Luc Eymael, Zlatko Krmpotic na Cedric Kaze walikuwa wameshapita hapo ndani ya miaka michache. Nabi, Mtunisia, alikabidhiwa mikoba msimu ukiwa unaelekea ukingoni. Julai tukapoteza fainali ya FA mbele ya Simba pale Kigoma, kwa bao la Taddeo Lwanga. Septemba tukatolewa hatua za awali za Ligi ya Mabingwa na Rivers United ya Nigeria, 1-0 nyumbani na 1-0 ugenini. Kocha mwingine angeishia hapo.

Kilichofuata ni msimu wa 2021/22 ambao Yanga haikupoteza mechi hata moja ya ligi, ikamaliza na pointi 74 na kurudisha kombe nyumbani. Watu wanaukumbuka kwa mshambuliaji Fiston Mayele kutetema kila akifunga. Mimi naukumbuka zaidi kwa jinsi timu ile ilivyokuwa ngumu kufungika. Djigui Diarra golini, Dickson Job na Bakari Mwamnyeto mbele yake, Djuma Shabani kulia, kisha Khalid Aucho na Yannick Bangala wakiwa viungo wakabaji wawili ambao hukuwaona wamepanda wote kwa wakati mmoja. Aucho akisogea, Bangala anabaki. Bangala akitoka na mpira, Aucho anaziba. Feisal Salum 'Fei Toto' peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kutembea anakotaka. Ilikuwa timu inayokusubiri ukosee, na ukikosea Mayele yuko pale.

Mfululizo wa kutofungwa kwenye ligi ulifika mechi 49. Ulikatwa na Ihefu, 2-1, pale Highland Estates, Mbarali, tarehe 29 Novemba 2022. Mechi 49 si jambo dogo kwenye ligi yetu, yenye viwanja vinavyokunyima pasi tatu mfululizo, safari za basi za saa kumi na mbili na timu ndogo zinazocheza fainali yao kila zikikutana na Yanga au Simba. Kocha anayepita humo bila kuanguka ni yule anayejua leo pasi hazitakwenda, na amejiandaa kwa leo hiyo.

Angalia dabi zake. Nabi alicheza na Simba mara tano kwenye ligi: akashinda 1-0 Julai 2021 kwa bao la Zawadi Mauya, kisha suluhu mbili msimu uliofuata, kisha sare ya 1-1 Oktoba 2022, kisha akafungwa 2-0 Aprili 2023. Mechi tano, mabao mawili ya Yanga. Ukisoma hapo tu utasema ni kocha mwoga. Lakini njoo kwenye mechi za mtoano. Ngao ya Jamii 2021 alishinda 1-0. Nusu fainali ya FA Mei 2022 pale Mwanza alishinda 1-0, bao la Fei Toto. Ngao ya 2022 alishinda 2-1, Mayele akifunga yote mawili. Ukiondoa ile ya Kigoma, iliyokuwa mwanzo kabisa wa utawala wake, kila alipokutana na Simba kwenye mechi inayotaka mshindi siku hiyohiyo, alishinda yeye. Na suluhu ya Aprili 2022 aliipokea bila shida, kwa sababu alikuwa kileleni kwa pengo kubwa na sare ilikuwa inamfaa yeye kuliko Simba. Huyo ni mtu anayejua kila mechi inadai nini na anatoa kiasi hichohicho.

Afrika ndiko swali la Nabi lilikojibu vizuri zaidi. Msimu wa 2022/23 tulianza vibaya: kwenye Ligi ya Mabingwa Al Hilal ya Sudan ilituzuia 1-1 Dar na kutufunga 1-0 Omdurman, tukaangukia Kombe la Shirikisho. Club Africain wakaja Kwa Mkapa wakaondoka na suluhu, na wengi tulijua habari imeisha. Tukaenda Tunis tukashinda 1-0, Aziz Ki akifunga dakika za lala salama.

Baada ya Tunis hesabu matokeo ya ugenini tu. Kwenye makundi tulifungwa 2-0 na US Monastir, tukatoka 1-1 na Real Bamako, tukaifunga TP Mazembe 1-0 palepale Lubumbashi kwa bao la Farid Mussa. Robo fainali ilitukutanisha tena na Rivers United, walewale waliotutoa miezi kumi na tisa nyuma, na tukawafunga 2-0 kwao, Mayele mawili kipindi cha pili. Nusu fainali Marumo Gallants wakafungwa 2-1 kwao Afrika Kusini. Mechi ya pili ya fainali, dhidi ya USM Alger, tukashinda 1-0 Algiers, penalti ya Djuma Shabani. Ukianza na Tunis, hizo ni mechi tano za Afrika tulizoshinda ugenini ndani ya kampeni moja. Klabu ya Tanzania ambayo kwa miaka ilikuwa ikisafiri kwenda kupunguza idadi ya mabao, ilikuwa sasa inakwenda kwa watu na kurudi na ushindi.

Ushindi huo ulikuwa na sura moja. Mabao mengi yalikuja kipindi cha pili, baada ya mwenyeji kuchoka kushambulia na mashabiki wake kuanza kunung'unika. Job, Mwamnyeto na Ibrahim Bacca wakipangwa pamoja, Aucho akiwa mbele yao, mpira ukiporwa unakwenda moja kwa moja kwa Mayele. Na haya yote Nabi aliyafanya akiwa amempoteza Fei Toto, aliyeondoka Desemba 2022 katika ule mgogoro wa mkataba. Dirisha dogo la usajili wakaingia Mudathir Yahya na Kennedy Musonda, na timu ikaendelea kana kwamba walikuwa pale tangu Julai.

Sasa niiseme mechi ya kwanza ya fainali, Mei 28, 2023, Kwa Mkapa, kwa sababu hapo ndipo pananiuma na ndipo pana somo. USM Alger walitangulia. Mayele akasawazisha dakika za mwisho mwisho. Uwanja ulilipuka, na timu ikafanya kitu ambacho haikuwa imefanya msimu mzima: ikasahau kuuliza mpinzani ana nini. Ikataka la pili palepale. Haikupita hata dakika tano, Waarabu wakafunga la pili wao. Kwa sheria ya bao la ugenini, inayompa kombe aliyefunga mengi ugenini jumla ikilingana, ushindi wetu wa 1-0 Algiers ulifanya jumla kuwa 2-2 na kombe likabaki kule. Kama ile 1-1 ingelindwa, 1-0 ya Algiers ingetupa kombe la kwanza la CAF katika historia ya klabu. Nabi atabeba sehemu ya lawama, kocha ndiye anayepaswa kutuliza wachezaji pale uwanja unapochemka. Lakini kombe lile lilipotea katika dakika chache ambazo Yanga haikucheza Kinabi.

Akaondoka mwenyewe Juni ile, akaelekea AS FAR ya Morocco. Mayele akaenda Pyramids ya Misri. Bangala na Djuma nao wakaondoka. Jangwani pakaonekana pamebaki patupu, na akaja Muargentina ambaye wengi wetu tulikuwa tunalisikia jina lake kwa mara ya kwanza.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema Gamondi alikabidhiwa chakula kikiwa mezani. Alirithi Diarra, Job, Bacca, Aucho, Aziz Ki, hilo ni kweli. Lakini alirithi pia timu iliyozoea kutafutiwa bao na mtu mmoja, na mtu huyo hayupo. Kocha mwingine angekaa analia aletewe Mayele mpya. Gamondi akaangalia alichonacho, Pacome Zouzoua na Kouassi Yao kutoka ASEC Mimosas, Maxi Nzengeli kutoka Maniema Union, na akaamua kwamba bao litatoka popote. Alipoanza ligi, KMC walikula tano, JKT Tanzania wakala tano.

Mpira wake ulianza mbele. Ukipoteza, unaukimbilia palepale ulipoupoteza, kwenye nusu ya mpinzani. Pacome na Maxi walipangwa pembeni lakini kazi yao ilikuwa kuingia ndani, wakimwachia Yao njia yote ya kulia. Mudathir alikuwa anatokea nyuma na kufika kwenye boksi akiwa hajakabwa, kisha anapiga simu yake ya kushangilia. Aziz Ki, ambaye chini ya Nabi alikuwa mchezaji wa nyakati, chini ya Gamondi akawa moyo wa timu: mabao 21 ya ligi, mfungaji bora, huku akiwa kiungo. Aliwafunga Azam matatu peke yake Oktoba 2023 katika ushindi wa 3-2. Nabi alimleta Aziz Ki akamfundisha kufanya kazi ya ulinzi. Gamondi alimjengea timu ya kumzunguka. Wote wawili walimsaidia, lakini mabao 21 ni kazi ya Gamondi.

Kisha Novemba 5, 2023. Watu wanakumbuka 5-1 na kusahau kwamba mapumziko yalikuwa 1-1. Musonda alifunga mapema, Kibu Denis akarudisha, na dabi ikaonekana inaelekea kuwa kama dabi zote tulizozoea. Kipindi cha pili Maxi akafunga, Aziz Ki akafunga, Maxi tena, Pacome kwa penalti. Jambo la kuzingatia ni kwamba ubao uliposoma 2-1, Yanga haikurudi nyuma hata hatua moja. Kwa desturi ya dabi hii, anayeongoza analinda. Gamondi hakuwa na desturi hiyo. Siku mbili baadaye Simba ikaachana na kocha wake Robertinho. Gamondi akarudia ushindi Aprili 2024, 2-1, na tena Oktoba 2024, 1-0. Dabi tatu za ligi, ushindi mara tatu, mabao manane. Weka hilo kando ya mabao mawili ya Nabi katika dabi tano.

Msimu wa 2023/24 uliisha kwa pointi 80, zaidi ya 78 za Nabi msimu uliotangulia, na ubingwa wa 30 wa klabu. FA ikaja pia, kwa matuta dhidi ya Azam pale New Amaan, Zanzibar. Kama swali ni nani kocha bora wa Ligi Kuu, mimi nampa Gamondi na sitaki kubishana na mtu. Ligi ni mechi thelathini, na kwa nyingi kati ya hizo Yanga ina wachezaji bora kuliko wapinzani. Kuuliza sisi tuna nini, mbele ya wapinzani wa namna hiyo, ni swali sahihi. Linakupa mabao, linakupa wachezaji wanaojiamini, linajaza uwanja.

Tatizo linaanza unapovuka mpaka na kukutana na watu wenye wachezaji kama wako au zaidi.

Gamondi alitufikisha makundi ya Ligi ya Mabingwa, jambo ambalo Yanga haikulifanya tangu 1998. Heshima hiyo ni yake na haifutiki. Lakini chukua matokeo ya ugenini kuanzia hatua hiyo kwenda mbele. CR Belouizdad 3-0 dhidi yetu, Algiers. Medeama 1-1, Kumasi. Al Ahly 1-0 dhidi yetu, Cairo. Mamelodi Sundowns 0-0, Pretoria. Mechi nne, bao moja, ushindi hakuna. Kilichotuvusha ni nyumbani: Pacome akisawazisha dakika za majeruhi dhidi ya Al Ahly, Medeama kufungwa tatu, na ule usiku wa Februari 24, 2024, mashabiki wamepaka nywele rangi kumuenzi Pacome, Belouizdad wanakula nne kwa bila. Tulihitaji nne kamili kwa sababu tulifungwa tatu kwao. Sijawahi kuona Yanga ikicheza vizuri kuliko usiku ule. Lakini tusidanganyane kuhusu kwa nini tulihitaji nne. Tulizihitaji kwa sababu Algiers tulikwenda kucheza kama tuko Kwa Mkapa, tukifungua uwanja mbele ya timu inayosubiri hasa kufunguliwa uwanja.

Najua jibu la watu wa Gamondi: Nabi alikuwa Shirikisho, Gamondi alikuwa Ligi ya Mabingwa, huwezi kulinganisha Marumo Gallants na Al Ahly. Ni hoja ya haki na ina uzito. Kwa Al Ahly naikubali yote. Kufungwa 1-0 Cairo si aibu kwa timu yoyote ya bara hili. Kwa Belouizdad siikubali. Timu tuliyoweza kuifunga nne haikuwa juu yetu kiasi cha kutufunga tatu. Na Medeama, ambao tuliwafunga tatu kwetu bila jasho jingi, Nabi angerudi kutoka Kumasi na pointi tatu. Naamini hivyo kwa sababu nilimwona akifanya hivyo Tunis, Lubumbashi na kwa Wanigeria.

Halafu kuna Sundowns, mechi inayoniambia mengi zaidi kuliko nyingine zote kuhusu Gamondi. Robo fainali, Machi na Aprili 2024, timu yenye bajeti ambayo haifanani na yetu hata kidogo, na sisi tuna majeruhi kikosini, Aucho, Yao na Pacome miongoni mwao. Gamondi hakuwa na anasa ya kuuliza sisi tuna nini, kwa sababu sehemu kubwa ya tulichokuwa nacho ilikuwa inatibiwa. Ikabidi aulize lile swali jingine. Akawasoma Sundowns, akafunga njia za katikati, akakubali kukaa bila mpira kwa muda mrefu, akasubiri. Suluhu Dar. Suluhu Pretoria, na shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba na kudunda, kwa macho yangu na ya Afrika nzima, ndani ya mstari. Halikutolewa kuwa bao. Matuta yakatutoa, 3-2. Dakika 180 bila kufungwa na timu bora kabisa ya kusini mwa Afrika. Ndiyo mechi bora zaidi ya Gamondi kimbinu, na aliicheza kwa akili ya Nabi. Kwa hiyo uwezo alikuwa nao. Hakuupenda tu, na akautumia pale alipolazimika.

Kuna wanaotaja Bloemfontein. Julai 28, 2024, Toyota Cup, Nabi akiwa kocha wa Kaizer Chiefs, Gamondi akiwa na sisi, na Yanga ikashinda 4-0. Niliifurahia kama Mwananchi yeyote. Lakini kuitumia kama ushahidi ni kumwonea Nabi: mechi ya kirafiki, timu aliyoikabidhiwa wiki chache tu kabla, dhidi ya kikosi cha Yanga kilichokuwa pamoja kwa msimu mzima na kuongezewa Prince Dube na Clatous Chama. Nabi yuleyule alikuja kuwapa Chiefs kombe la Nedbank mwaka uliofuata kwa kuwafunga Orlando Pirates kwenye fainali. Tena mechi moja, tena mtoano, tena dabi. Mtu habadiliki.

Mwisho wa Gamondi nao unasomeka kwa swali hilihilo. Alianza msimu wa 2024/25 kwa kushinda mechi nane za ligi bila kuruhusu bao, Simba wakiwemo. Kisha Novemba 2 Azam wakatufunga 1-0, Bacca akiwa ametolewa kwa kadi nyekundu mapema, na siku tano baadaye Tabora United wakatufunga 3-1. Katika mechi zote mbili nilichokiona ni timu iliyoendelea kupanda kana kwamba haina pengo nyuma. Tabora hawakuhitaji mpira mwingi. Walihitaji nafasi iliyo nyuma ya mabeki wetu wa pembeni, na walipewa. Kocha anayeanza na mpinzani angeona kasi ile mapema. Gamondi alitaka kuwashinda kwa kile anachokijua.

Hata hivyo kumwondoa Novemba 15, siku kumi na moja kabla ya kufungua makundi ya Ligi ya Mabingwa, ulikuwa uamuzi mbaya, na nitausema hivyo ingawa simweki yeye juu. Sead Ramovic alipokea timu ambayo hakuwa na muda hata wa kuwajua wachezaji wake vizuri, Al Hilal wakatufunga 2-0 Kwa Mkapa, MC Alger wakatufunga 2-0 kwao, na hatukutoka kwenye kundi. Mtu aliyekuwa amesimama dakika 180 na Sundowns miezi saba nyuma alistahili kupewa makundi yale. Kwa kupoteza mechi mbili za ligi, Yanga ilitupa nafasi ya kuona kama Gamondi amejifunza chochote kutoka Pretoria. Ningependa sana kulijua jibu hilo. Nabi alipewa nafasi ya kukutana na Rivers United mara ya pili. Gamondi hakupewa mara yake ya pili Algiers.

Hapo ndipo hoja ya wanaomtetea Gamondi ina nguvu kuliko wanavyoitumia wenyewe. Wao wanashikilia 5-1. Wangeshikilia hili: Nabi wa Septemba 2021, aliyetolewa mapema Afrika baada ya kupoteza Kigoma, angefukuzwa kwa kipimo kilichotumika Novemba 2024, na Tunis, Lubumbashi na Algiers zisingekuwepo.

Lakini hukumu inatolewa kwa kilichotokea. Ligi ya Tanzania Yanga imeshazoea kuishinda, na imeishinda kwa makocha wenye tabia tofauti kabisa. Hata baada ya Ramovic kuondoka katikati ya msimu, Miloud Hamdi aliimaliza kwa kombe. Kwa hiyo ukitaka kujua thamani ya kocha wa Yanga leo, mpeleke mahali ambapo jezi yetu haiogopwi, mpe wachezaji wasiozidi wale wa upande wa pili, na uone anarudi na nini. Gamondi alirudi na suluhu moja kubwa na masikitiko. Nabi alirudi na ushindi tano, na medali ya fainali ambayo ilikosa dakika chache za utulivu kuwa dhahabu. Mimi namchagua Nabi, na kocha yeyote mpya anapotua Jangwani siangalii kwanza anafunga mangapi hapa nyumbani Chamazi. Nasubiri safari yake ya kwanza ya Afrika Kaskazini.